Dhahabu na Leza: Historia ya Tiba Iliyoanza Mwaka wa Kaze

Februari 1857 mwanasayansi Michael Faraday aliwaeleza wanasayansi wa London kwamba dhahabu, ikigawanywa katika chembe ndogo mno zinazoelea majini, hupoteza umanjano wake na kuwa nyekundu ya yakuti. Novemba mwaka huohuo wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke waliwasili Kaze, makazi ya wafanyabiashara ambayo sasa yamo ndani ya Tabora, wakapokewa na mfanyabiashara Snay bin Amir. Katika njia ya misafara iliyopita hapo thamani ya madini ilikuwa katika wingi wake, yawe majembe ya chuma ya Unyamwezi, shaba ya Katanga iliyoletwa na Wasumbwa, au masango, yaani nyaya nene kutoka pwani. Faraday aligundua thamani iliyomo katika udogo.

Thamani hiyo ilisubiri leza, mwali wa nuru ya rangi moja uliokusanywa pamoja, ambayo Theodore Maiman aliiwasha kwa mara ya kwanza mwaka 1960. Nuru isiyoonekana iliyo jirani na nyekundu hupenya nyama ya mwili bila kuichoma sana, lakini ikikutana na chembe za dhahabu zenye umbo lifaalo, elektroni zake hutikisika kwa pamoja na mtikisiko huo hugeuka joto linaloua seli za uvimbe zilizo karibu. Naomi Halas, Jennifer West na wenzao wa Chuo Kikuu cha Rice walilithibitisha hilo mwaka 2003, wakitumia vijitufe vya silika vilivyovikwa dhahabu. Joto la kadiri hutafitiwa pia kwa kuunganishia majeraha, ambapo chembe huchanganywa na albumini, protini inayoganda na kushikanisha kingo za kidonda.

Mkoa wa Tabora wenyewe umetoa dhahabu nyingi, hasa katika mgodi wa Golden Pride wilayani Nzega, ulioanza kuzalisha mwishoni mwa miaka ya 1990, na ni haki wakazi wake waijue kazi hii ya madini yao. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio la tiba hiyo kwa wanaume 16 wa Marekani wenye saratani ya tezi dume, waliotiwa chembe za dhahabu kwenye mshipa na kesho yake kuchomwa uvimbe kwa leza. Tiba ilikamilika kwa 15. Sehemu ya dhahabu hiyo hubaki muda mrefu katika ini na bandama, kwa hiyo ufuatiliaji wa wagonjwa ni sehemu ya tiba yenyewe.