Majivu ya Philadelphia na Majina Yake

Neno taka katika Kiswahili limezoea vitu vya nyumbani: majivu ya meko, maganda, mifupa, vigae. Vitu hivyo vilitupwa jaani na ardhi ikavila; vigae ndivyo vilivyosalia, kwa faida ya wachimbuzi wa mambo ya kale. Ndani ya neno hilo mna wazo kwamba kitu kikishatupwa kimekwisha. Lakini risasi haiozi wala haiungui, na moto wa tanuri huiacha ndani ya majivu. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya historia ya taka za sumu katika karne ya 20 si habari ya kutupa, bali ni habari ya kuhamisha. Na katika kuhamisha huko hati za shehena zilitenda kazi kubwa kuliko mapipa.

Meli iitwayo Khian Sea yatosha kuwa ushahidi. Mwezi wa Septemba 1986 iliondoka Philadelphia, Marekani, imepakia zaidi ya tani 14,000 za majivu ya tanuri la kuchomea taka za mji. Bahama ikayakataa, na nchi nyingine zikafuata. Ulipoingia mwaka 1988 meli ilifika Gonaïves, nchini Haiti, na kibali ambacho ndani yake majivu yale yaliitwa mbolea. Kwa neno hilo moja tani zipatazo 4,000 zilishushwa ufukoni. Serikali ilipotambua iliamuru yapakiwe tena, walakini meli iling'oa nanga usiku ikaenda zake. Kisha meli nayo ikapewa jina jipya, Felicia, na baada yake Pelicano. Mwezi wa Novemba 1988 ilifika Singapore tupu. Baadaye nahodha alikiri kwamba majivu yaliyobaki yalimwagwa katika Bahari ya Atlantiki na katika Bahari ya Hindi, ambayo pwani yake ndiyo iliyokilea Kiswahili. Mwaka 1993 wakuu wawili wa kampuni iliyoendesha meli walitiwa hatiani kwa kuapa uongo. Majivu ya Haiti yalikaa hadi mwaka 2000 ndipo yakaondolewa; mwaka 2002 yakazikwa Pennsylvania, jimbo lile lile yalikotoka.

Mwaka ule ule wa 1988 yalifichuka mambo ya Koko, bandari ndogo ya Nijeria. Maelfu ya mapipa kutoka Italia yalikuwa yamewekwa katika kiwanja cha mtu mmoja, naye akilipwa kodi ya dola 100 hivi kwa mwezi. Ndani yake mlikuwamo mafuta ya mitambo ya umeme yenye klorini, ambayo hayaharibiki kwa urahisi ila katika tanuri maalumu lenye joto lipitalo nyuzi 1,000. Kiwanja kile kilikuwa na jua tu. Mapipa yalivimba na kuvuja, na watu wengine waliyamwaga wapate vyombo vya kuwekea maji. Nijeria iliilazimisha Italia kuyachukua, na meli Karin B ikazungushwa bandari baada ya bandari za Ulaya kabla ya kupokewa kwao.

Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 haukukataza biashara hiyo. Ulitaka taarifa itolewe na nchi ipokeayo ikubali. Haiti ilikuwa imekwisha kukubali, ila ilikubali mbolea. Waafrika walioandika Mkataba wa Bamako mwaka 1991 walikaza zaidi: walipiga marufuku taka za sumu kuingia barani, za mionzi zikiwamo, tena wakahesabu kuwa ni taka hata kitu kilichopigwa marufuku katika nchi kilikotengenezwa kwa ajili ya afya au mazingira, ijapokuwa muuzaji hukiita bidhaa.

Walakini tafsiri njema ya sheria haimshughulishi mwenye haraka. Mwezi wa Julai 2006 meli Probo Koala ilitaka kutoa uchafu wake Amsterdam. Harufu ikawa kali, bei ikapandishwa, uchafu ukarudishwa melini. Tarehe 19 Agosti ilifika Abidjan. Katika maelezo ya wenyewe huo ulikuwa uchafu wa kawaida wa matangi ya meli. Mkandarasi aliyekuwa amepata leseni majuma machache tu kabla ya hapo akaumwaga mahali mbalimbali mjini, jalala la Akouédo likiwa mojawapo, na watu zaidi ya 100,000 wakaenda kutafuta matibabu.