Chuma, shaba na shabu: madini yanavyoisaidia kinga ya mwili kupigana na saratani

Desemba 1891 ilikuwa nzito huku kwetu. Tarehe 20, Kapteni Bodson wa msafara ulioongozwa na Stairs alimuua Mwami Msiri kwa risasi kule Bunkeya, na shaba ya Katanga ikaanza kuhesabiwa kuwa mali ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Siku chache baadaye Kapteni Jules Jacques akaweka ngome yake hapa kando ya Tanganyika, si mbali na pale mto Lukuga unapotoka ziwani. Ngome hiyo ikaitwa Albertville, ambayo leo ndiyo Kalemie.

Miezi michache kabla ya hapo, mpasuaji kijana wa New York, William Coley, alikuwa amefanya jambo ambalo wenzake waliliona wazimu. Alimdunga vijidudu kwa makusudi mgonjwa mwenye uvimbe wa saratani shingoni. Alikuwa amesoma katika majalada ya hospitali habari za mtu ambaye uvimbe wake uliyeyuka baada ya kuugua ugonjwa mkali wa ngozi wenye homa, akawaza kwamba homa ile ndiyo iliyouamsha mwili upigane. Mgonjwa wake nusura afe, lakini uvimbe ukanywea, naye akaishi miaka mingine kadhaa.

Coley hakuweza kueleza ilikuwaje, na wakubwa wa udaktari hawakuwa na subira naye. Miaka michache baadaye walipata silaha wanayoweza kuipima, yaani eksirei na radiamu. Hapo ndipo Katanga inapoingia.

Mwaka 1915 Mwingereza Robert Sharp, mtafiti wa madini wa kampuni ya Union Minière, aligundua mawe ya urani ya Shinkolobwe, Katanga. Ili kupata gramu moja ya radiamu lazima upitie urani ya tani tatu hivi, na mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na urani nyingi kuliko yoyote yaliyojulikana wakati huo. Wachimbaji Wakongo waliyachambua kwa mikono, yakasafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, ambako kiwanda kilianza kutoa radiamu mwaka 1922. Bei ya gramu moja sokoni, iliyokuwa imepita dola 100,000, ikaporomoka hadi kama 70,000, na migodi ya Marekani ikafunga. Kwa takriban miaka kumi, mgonjwa wa saratani wa Paris au Brussels aliyewekewa sindano ya radiamu alikuwa na uwezekano mkubwa wa kutibiwa kwa jiwe la Katanga. Sehemu ya pili ya hadithi ya Shinkolobwe, ile ya bomu la Hiroshima, inajulikana zaidi; hii ya kwanza husahauliwa.

Radiamu, hata hivyo, huunguza seli moja kwa moja. Mawazo ya Coley yalikuwa mengine: kuuamsha mwili ufanye kazi wenyewe. Metali ya kwanza kuonyesha uwezo huo haikutoka Katanga, na tena ni ya kawaida mno. Mwaka 1926 Alexander Glenny na wenzake huko London waliichanganya sumu ya dondakoo, iliyokwishapunguzwa makali, na shabu, ambayo ni chumvi ya aluminiamu, lile jiwe jeupe ambalo watu hulitumia kutuliza maji ya matope. Wakaona kwamba kinga inayopatikana ni kubwa kuliko ya chanjo tupu. Chumvi za aluminiamu zimo katika chanjo nyingi hadi leo, ingawa jinsi zinavyofanya kazi imebishaniwa kwa miongo. Tunalojua ni kwamba viini vya chanjo hunata juu ya chembe za aluminiamu, chembe hizo zinachokoza mahali pa sindano, na chembe nyeupe za damu zinakimbilia pale.

Kwa hiyo magazeti yanapoandika juu ya teknolojia ya nano kana kwamba metali na kinga vimekutana jana, mimi nasita. Kilicho kipya ni udogo na usahihi. Gawa milimita moja mara milioni, hiyo ndiyo nanomita, na chembe zinazozungumziwa ni za nanomita chache tu au makumi. Mwaka 2016 watafiti wa Stanford walionyesha kwamba dawa ya upungufu wa damu iliyotengenezwa kwa chembe za oksidi ya chuma, ferumoksitoli, inaweza kuzigeuza chembe nyeupe zilizolala ndani ya uvimbe wa panya zikaanza kuushambulia.

Kisha Januari 2020 ikaja habari ya shaba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven, wakiwemo Stefaan Soenen na Bella Manshian, pamoja na Lutz Mädler wa Bremen, walitengeneza chembe za oksidi ya shaba zilizotiwa chuma kidogo. Shaba pekee huyeyuka upesi mno mwilini ikawa sumu. Chuma kinaifanya iyeyuke polepole. Ndani ya uvimbe, shaba inayoachiliwa huzalisha oksijeni kali inayoua seli za saratani. Lakini kwa panya waliopewa chembe peke yake, saratani ilirudi. Ilipoongezwa dawa ya kuamsha kinga, haikurudi, na panya walipodungwa seli za saratani tena, miili yao ilizifagia. Ni panya tu, tusisahau. Wala sisemi kwamba shaba ile ilitoka kwetu. Ila kuanzia 1971 hadi 1997 mkoa wote wa Katanga, Kalemie ikiwemo, uliitwa Shaba, na Ubelgiji iliifahamu metali hiyo kwa kuichukua hapa tangu tanuri la Lubumbashi lianze kazi mwaka 1911.

Mtu wa Kalemie asisubiri maabara ya Leuven. Sindano ya pentavalenti ambayo watoto hupigwa pajani wakiwa na wiki 6, 10 na 14 ina chanjo ya homa ya ini B pamoja na chumvi ya aluminiamu, na homa ya ini B ni miongoni mwa sababu kubwa za saratani ya ini. Taiwan ilianza mpango wake wa taifa wa kuchanja watoto wachanga mwaka 1984. Kufikia 1997 watafiti wake waliripoti kuwa saratani ya ini kwa watoto imepungua kwa karibu nusu. Chanjo ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi nayo ina aluminiamu, na Tanzania, ng'ambo ya ziwa, inawachanja wasichana tangu 2018.

Wiki ya sita ni kuchelewa kwa mtoto anayeambukizwa homa ya ini B na mamake wakati wa kuzaliwa. Karibu watoto tisa kati ya kumi wanaoambukizwa wakiwa wachanga hubaki na virusi maisha yao yote. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza dozi ndani ya saa 24 za kwanza, jambo linalohitaji chanjo iwe karibu na chumba cha kujifungulia, tena katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda inaharibika, kwa sababu zile chembe za aluminiamu hushikana zikawa mabonge. Muuguzi mwenye shaka huchukua chupa anayoishuku na nyingine ya aina hiyohiyo aliyoigandisha makusudi akaiyeyusha, anazitikisa zote mbili, anaziweka mezani, kisha anatazama machicha. Ikiwa ile ya kwanza inatuama kwa kasi ileile ya ile iliyogandishwa, haimfikii mtoto yeyote.