Zebaki machimboni Singida: fundi unayetengeneza ritoti, soma hii

Wadau, dhahabu ya Singida haikuanza jana. Sekenke kule Iramba ilichimbwa tangu enzi za Mjerumani, na dhahabu yake ndiyo iliyotumika kupiga zile sarafu za rupia 15 pale Tabora mwaka 1916. Siku hizi wachimbaji wadogo wanaikamata kwa zebaki, halafu wanachoma ule mchanganyiko kwenye moto wa wazi, wengine hata uani nyumbani.

Balaa liko hapo. Mvuke wa zebaki huuoni wala haunuki. Unaingia mapafuni, unakwenda kwenye figo na mishipa ya fahamu, mikono inaanza kutetemeka. Mjamzito akivuta, na mtoto tumboni anapata. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu.

Kinga iliyo karibu ni ritoti: chungu cha chuma chenye mfuniko unaobana kisawasawa, na bomba la kupoza mvuke urudi kuwa zebaki. Unaitumia tena, hela imeokoka. Fundi yeyote wa kuchomelea anaiweza, ila usikurupuke. Usiweke alumini wala bomba la maji lililopakwa zinki, maana zebaki inazila. Ncha ya bomba isizame kwenye maji! Ritoti ikipoa inayanyonya, yakigusa chuma cha moto inaweza kulipuka. Na isifunguliwe kabla haijapoa, hata bosi akiwa na haraka ya kuuza.

Kisheria, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 inataka mahali pa kazi pasajiliwe OSHA, karakana yako ikiwemo. Zebaki yenyewe iko chini ya Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani Na. 3 ya 2003, na msimamizi ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwa hiyo ile ya kwenye chupa ya soda, inayouzwa kichochoro bila kibali, ni kesi.

Mwaka 2020 Tanzania iliridhia pia Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini na ugonjwa wake ukatambuliwa mwaka 1956. Mkataba unataka uchomaji wa wazi na wa kwenye makazi ukomeshwe. Kadhalika marudio yenye zebaki yasitiwe sayanaidi kabla zebaki haijatolewa, kwa sababu vikichanganyika sumu inasambaa kirahisi zaidi kwenye maji.