Wanafunzi wa Pomboo, kutoka Sarasota hadi Kizimkazi

Kazi ya kwanza anayopewa mwanafunzi kwenye boti ya utafiti wa pomboo inachosha: kukaa kimya, jua la saa tano utosini, macho kwenye maji. Pomboo akiibuka kuvuta pumzi, pezi la mgongoni linaonekana kwa sekunde mbili tatu, kisha limezama. Ndani ya muda huo apige picha, ataje saa, na mwenzake ajaze fomu: wako wangapi, watoto wangapi, wanafanya nini, boti nyingine ni ngapi. Jioni anakaa na kompyuta akilinganisha mapengo ya mapezi hayo na picha za miaka iliyopita. Mapengo ndiyo jina la mnyama.

Elimu hii ni changa kuliko tunavyodhani. Hadi miaka ya 1960, mengi yaliyojulikana kuhusu pomboo yalitoka kwa waliofugwa kwenye mabwawa ya maonyesho au kwenye mizoga. Mwaka 1970, huko Sarasota, Florida, Blair Irvine alianza kuwawekea pomboo alama ili kujua kama ni wakazi wa ghuba ile au wapita njia. Msaidizi wake, Randall Wells, alikuwa bado mwanafunzi wa sekondari. Wells alikuja kuuongoza utafiti huo, ambao haujakoma mpaka leo na ndio mrefu kuliko wote duniani kwa pomboo wa baharini wasiofugwa. Kule Argentina nako, Bernd Würsig, aliyekuwa akisomea udaktari, pamoja na Melany Würsig walipiga picha za mapezi, na mwaka 1977 wakachapisha makala kuonyesha kwamba alama za asili zinatosha. Kumkamata mnyama si lazima tena. Kamera na subira tu.

Kwa hiyo tangu mwanzo sayansi hii imebebwa na wanafunzi, na sababu yake haina ushairi wowote. Kumjua pomboo mmoja kunataka miaka baharini, na nani mwingine atakubali kuungua jua msimu mzima kwa malipo kiduchu? Ndipo zikaja kozi za mafunzo ya vitendo ambazo mwanafunzi mwenyewe analipa ili afanye kazi hiyo. Sizibezi. Ila kozi inayolipiwa kwa fedha za kigeni inachagua wanafunzi kabla hata ya kuwafundisha, na kijana aliyezaliwa mita mia mbili kutoka walipo pomboo mara nyingi hayumo kwenye orodha.

Sasa tuje kwetu. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, inajulikana kwa msikiti wa Dimbani wenye maandishi ya mwaka 1107, na siku hizi kwa pomboo. Wageni wanaoshushwa pale na papasi kwa safari ya asubuhi huenda hawaambiwi kwamba wavuvi wa hapo waliwahi kuwawinda pomboo hao hao, nyama ikawa kitoweo na chambo cha papa. Utalii wa pomboo ulianza mwaka 1992, na uwindaji ukakoma mwaka 1996. Miaka minne hiyo ndiyo iligeuza hesabu: mnyama hai akaanza kuingiza hela kila siku, aliyekatwa vipande akaingiza mara moja.

Kisha wakaja wenye kamera. Kati ya 1999 na 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stockholm na wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar, akiwemo Eva Stensland aliyekuwa akisomea udaktari, waliyahesabu mapezi ya pwani ya kusini. Wakakadiria pomboo 136 hadi 179 wa aina ile ya kawaida, na 58 hadi 65 wa aina yenye nundu. Basi. Daladala chache zingewatosha wote. Na kwa kuwa jike anaweza kukaa miaka mitatu au zaidi kati ya mtoto na mtoto, kila kifo kina uzito.

Vifo vingi vinatokana na jarife. Hapa kamera haisaidii, maana nyavu hutegwa usiku na aliyenasa anaweza kutupwa majini kimya kimya. Omar Amir wa taasisi hiyo hiyo, ambaye naye baadaye alipata udaktari Stockholm, aliifuata habari kwa wavuvi wenyewe, kijiji kwa kijiji, na kupokea mizoga. Kwenye matumbo ya pomboo 26 waliokusanywa kati ya 2000 na 2002, yeye na wenzake walitenganisha masalia ya chakula, wakitumia vijiwe vya masikioni mwa samaki kuwatambua, wakapata angalau aina 50 za samaki. Kazi ya aina hiyo haianzi maabara, inaanza na salamu. Mvuvi anayehofia kufungiwa nyavu zake atakupa mzoga kama anakuamini, na imani hiyo haijengwi kwa kozi ya wiki tatu wala kupitia mkalimani.

Boti za watalii nazo ziliingia kwenye fomu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba zikiwepo, pomboo wa Kizimkazi hupunguza muda wa kupumzika. Nahodha mzee angeweza kukwambia hilo bila takwimu, lakini kanuni haziandikwi kwa maneno ya nahodha.

Mwisho wa Aprili 2006, karibu pomboo 400 walikutwa wamekufa kwenye fukwe za Nungwi na jirani zake, kaskazini mwa kisiwa. Siku ya namna hiyo huwezi kusubiri mtaalamu apate viza, nyama inaoza. Wanasayansi wa Zanzibar walienda, wakapima, wakapasua. Matumbo yalikuwa matupu, ingawa wanyama hawakuwa wamekonda. Zilitajwa sababu kadhaa, hakuna hata moja iliyothibitishwa. Ila mizoga ilifunguliwa mapema, na waliojua watazame nini.