Dirisha la kusakinishia programu-jalizi: Kiswahili chake kiweje?

KARANI wa chama cha ushirika mjini Kericho anayewaandikia barua wakulima wa majani chai huijua kero hii: tarakilishi hupiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno la Kiswahili. Wanachuma, hawajachuma, waliochuma. Yote yanatokana na mzizi mmoja, lakini kikagua tahajia cha Kiingereza huyaona kuwa makosa matupu.

Dawa yake ni programu-jalizi, yaani programu ndogo inayopachikwa ndani ya kubwa ili kuipa uwezo ambao haikuzaliwa nao. Tatizo ni namna ya kuipachika bila kumwita fundi.

Historia ya Kiswahili katika jambo hili inafundisha mengi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya programu huria ya ofisini ya OpenOffice.org. Juhudi za miaka hiyo zilizaa pia faili za kukagulia tahajia, zilizopewa jina sw_TZ. Jina hilo ni mfano wa kwanza wa usanifu uliomsahau mtumiaji, kwani mtu wa Kericho au Bomet atajuaje kwamba herufi hizo ndizo lugha yake?

Kuzisakinisha kulikuwa kibarua. Mtumiaji alinakili faili mbili hadi kwenye folda iliyofichika ndani kabisa ya tarakilishi, akafungua faili ya tatu iitwayo dictionary.lst, akaongeza mstari mmoja kwa mkono, kisha akaifunga programu kabisa, pamoja na kile kialama kilichobaki karibu na saa. Akikosea herufi moja hakuna aliyemwonya. Mstari mwekundu uliendelea tu, naye akadhani Kiswahili hakiwezekani katika tarakilishi. Toleo la 3.0 la Oktoba 2008 ndilo lililoleta nafuu: kamusi iliweza kufungashwa katika faili moja, ikabofywa mara mbili, na dirisha likaonyesha jina lake, toleo lake na vitufe vya kuizima au kuiondoa. Kazi ilihama kutoka kwa karani hadi kwa msanifu, inakostahili kuwa.

Hata hivyo, wepesi una hatari zake. Mwaka huo huo wa 2004 Jesse Ruderman, mtaalamu wa usalama wa vivinjari, alieleza jinsi tovuti yenye hila ingeweza kumfanya mtu abofye au aandike herufi fulani, na dirisha la kusakinisha likachomoza wakati huo huo, hata ridhaa ikatolewa bila kukusudiwa. Ndiyo maana kitufe cha Firefox kilifanywa kisubiri sekunde chache kabla ya kukubali kubonyezwa. Wengi walikuona kusubiri huko kuwa usumbufu. Kwa kweli kulikuwa ulinzi. Tangu toleo la 48 la mwaka 2016, Firefox ya kawaida hukataa programu-jalizi isiyo na saini ya Mozilla.

Saini peke yake haitoshi. Dirisha linaposema kwamba programu-jalizi inaomba kufikia data ya tovuti zote, lazima lifafanue kwamba ukurasa wa benki umo. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa itolewe kwa hiari na kwa ufahamu. Ridhaa ya sentensi isiyoeleweka ni ridhaa ya jina tu.

Hapo lugha yenyewe huweka mitego ambayo tafsiri ya neno kwa neno haiioni. Dirisha likiuliza, "Je, unataka kughairi usakinishaji?" kisha likatoa vitufe vya "Sawa" na "Ghairi", nani ajuaye kipi kinasimamisha kazi? Swali la kukanusha ni baya zaidi. Mswahili akiulizwa, "Hutaki kusakinisha?" hujibu "Ndiyo" akimaanisha kwamba hataki, ilhali mwandishi wa programu aliyefikiri kwa Kiingereza amelihesabu jibu hilo kinyume. Heri vitufe vitaje kitendo chenyewe: "Sakinisha" na "Usisakinishe". Tena vipewe nafasi ya kutosha, maana neno la Kiswahili mara nyingi ni refu kuliko la Kiingereza, na kitufe kinachoishia "Sakini" ni aibu.

Ukubwa wa faili nao utajwe kabla ya kupakua. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti ilitegemea setilaiti, ghali na ya polepole. Nyaya zimekuja, lakini bado wapo wengi wanaonunua data kwa vipimo vidogo. Upakuaji ukikatika, uendelee ulipoachia. Na pale tarakilishi moja inapotumiwa na watu kadhaa, kama kwenye saibakafe, dirisha liulize iwapo programu-jalizi ni ya mtumiaji huyu peke yake au ya wote.

Kupima haya yote hakuhitaji maabara. Mwaka 2000 mtaalamu Jakob Nielsen alitetea hoja kwamba watumiaji watano hutosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro za kiolesura. Makarani watano wa Kericho wanaweza kuketishwa mbele ya dirisha hilo, msanifu akiwa kando, asiwasaidie, akiandika kila mahali wanaposita.