Nani Aketi Katika Baraza la Watoto Wadogo? Habari za Chekechea za Kenya na Uteuzi wa Wasimamizi Wake



Ni desturi katika taarifa ya mwaka kuhesabu fedha zilizoingia na zilizotoka, wagonjwa waliosaidiwa na wafiwa waliofarijiwa. Hesabu hizo ni za lazima, na zimeandikwa mahali pake. Lakini iko hesabu nyingine ambayo chama cha ustawi wa watu hakiwezi kuiacha, nayo ni hesabu ya viti: nani anaketi katika mabaraza yanayoamua mambo ya watoto wetu, na kwa sababu gani ameketi yeye wala si mwingine. Katika kurasa hizi twataka kuangalia viti vya baraza moja tu, lile linalosimamia elimu ya watoto ambao bado hawajafikia darasa la kwanza. Wengi hulidharau, wakisema ya kuwa mtoto wa miaka minne hana elimu ya kusimamiwa, anacheza tu. Historia ya nchi yetu yaonyesha vingine.

Na tuanze na neno lenyewe, “sifa”. Wazee wengi wakisikia kwamba mjumbe lazima awe mtu mwenye sifa, hukunja uso, nao wana haki. Mabaraza ya Wenyeji yalipoanzishwa katika miaka ya 1924 na 1925, na Halmashauri za Elimu za Wilaya zilipoundwa tangu mwaka 1934, Waafrika waliketi humo, lakini sauti kubwa ilikuwa ya Mkuu wa Wilaya, ya maofisa wa elimu na ya wamisionari. Mwafrika alipoomba nafasi zaidi aliambiwa mara nyingi kwamba hajawa tayari, hana sifa. Kwa hiyo neno hilo lilitumika kama komeo la mlango. Vyama vya kwanza vya ustawi, kama kile cha Walipa Kodi wa Kavirondo kilichoundwa mwaka 1923, vilitumia karatasi nyingi na safari nyingi kuomba shule, na kuomba wenye watoto wasikizwe. Alama ya halmashauri zile ingalipo: shule nyingi za msingi mpaka leo zina herufi D.E.B. katika majina yao.

Basi tukidai leo wajumbe wenye sifa, hatudai komeo lirudi. Twadai ufunguo. Tofauti yake ni hii: zamani sifa zilitajwa baada ya mtu kuomba, ili akataliwe, sisi twataka zitajwe kabla mtu hajaomba, ili kila mmoja ajipime mwenyewe.

Sasa tuwatazame watoto wenyewe. Malezi ya watoto wengi mahali pamoja si jambo la kigeni kwetu. Nyanya na dada wakubwa waliifanya kazi hiyo tangu kale, kwa hadithi, vitendawili na michezo ya mwezi mpevu. Lakini vituo vya watoto wadogo wa Kiafrika, vyenye mlezi mmoja na watoto wengi, vilienea kwa sababu ya dhiki. Katika mashamba makubwa ya chai, kahawa na miwa, mama alikwenda kuchuma, na mtoto alihitaji wa kumwangalia. Kisha ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Tangu mwaka 1954 watu wapatao milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru walihamishwa kwa nguvu wakatiwa katika vijiji vyenye ulinzi. Akina mama walitolewa kila siku kwenda kazi za kulazimishwa, na watoto wakabaki. Ndipo vikatokea vituo vya kuwakusanya watoto, kuwapa uji na kuwalinda. Hakuna aliyeuliza kama mlezi alikuwa na cheti. Swali lilikuwa kama mtoto atakula na kama jioni atakuwa hai.

Mwaka 1952 vilevile ndipo Maendeleo ya Wanawake ilipoanzishwa, na vikundi vya akina mama vikaanza kufundishana usafi, chakula bora na malezi. Uhuru ulipofika tarehe 12 Desemba 1963, na mwito wa Harambee ukasikika nchi nzima, wanawake hao walikuwa tayari. Palipokuwa na mti wenye kivuli, kanisa lisilotumika siku za kazi, au chumba cha madrasa, chekechea ilianza. Wazazi walichanga shilingi, wakachimba msingi, wakaezeka, wakamwajiri binti wa kijiji awe mwalimu. Serikali changa ilikuwa na mzigo wa shule za msingi na za sekondari. Tume ya Elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde, iliyotoa taarifa yake mwaka 1964 na 1965, iliweka macho yake hasa huko. Tume ya Kuajiri Walimu ilipoundwa mwaka 1967, mwalimu wa chekechea hakupata mshahara wake huko. Aliendelea kulipwa na wazazi, na mwezi wa njaa hakulipwa.

Hapa ndipo tunapoona mara ya kwanza haja ya wasimamizi wanaojua kazi. Shule zilikuwa nyingi, lakini kila moja ilifuata njia yake. Mahali pengine mtoto wa miaka mitatu alikalishwa kimya kutwa akikariri herufi. Pengine aliachwa tu mchangani. Mwaka 1971 Taasisi ya Elimu ya Kenya ilianza mradi wa elimu ya watoto wadogo kwa msaada wa Wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, ili kutafuta njia ya kuwafunza walimu na kutengeneza vifaa kwa miti, maganda na vitambaa vinavyopatikana kijijini. Mwaka 1980 elimu hiyo ikatolewa katika mikono ya huduma za jamii ikawekwa chini ya wizara ya elimu. Mwaka 1984 kikaundwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo, na tangu mwaka 1985 vikafuata vituo vya wilaya. Walimu waliokuwa tayari kazini wakafunzwa kwa miaka miwili, wakikusanyika siku za likizo na kurudi kwa watoto wao shule zilipofunguliwa.

Tazameni busara iliyomo. Hawakufukuzwa wale mabinti wa vijiji kwa kukosa cheti. Walipewa elimu bila kuondolewa kazini. Na katika pwani, tangu mwaka 1986, mpango wa shule za awali za madrasa ulioanzia Mombasa ulifuata njia iliyo karibu na hiyo: akina mama wa mtaa walifunzwa, na kamati za jamii zenyewe zikafunzwa namna ya kusimamia shule. Mpango huo ulivuka baadaye ukafika Unguja na Uganda. Fundisho ni kwamba si mwalimu peke yake anayehitaji kufunzwa. Hata mwenye kuketi katika kamati yampasa ajifunze.

Mwaka 2003 ada za shule za msingi ziliondolewa, na taifa likafurahi. Lakini chekechea iliendelea kutoza ada. Wazazi wengi walifanya hesabu ya maskini: kwa nini nilipe kwa mtoto mdogo, na mkubwa anasoma bure? Wakawangoja watoto nyumbani, au wakawapeleka darasa la kwanza kabla ya wakati wao. Jambo jema lililofanywa juu likaleta shimo chini, kwa kuwa mezani walipoketi wakubwa hakukuwa na sauti ya kutosha ya kumsemea mtoto mdogo.

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilibadili mpango. Elimu ya watoto kabla ya shule ya msingi, pamoja na nyumba za kulelea watoto, ikawa kazi ya serikali za kaunti, nazo ni 47, zilizoanza baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka huohuo ikaweka Bodi ya Elimu katika kila kaunti, na miongoni mwa kazi zake ni kuangalia elimu ya awali kwa kushauriana na serikali ya kaunti. Mwaka 2021 ikafuata sheria mahususi ya elimu ya watoto wadogo. Kwa hiyo mambo ambayo zamani yaliamuliwa chini ya mti na wazazi ishirini, sasa yanaamuliwa katika chumba cha mkutano, na fedha zake ni za umma. Kiti kimekuwa kizito kuliko zamani.

Tena Katiba hiyo, katika kifungu cha 73, yasema kwamba viongozi wachaguliwe kwa uadilifu wao, uwezo wao na kufaa kwao. Kifungu cha 27 chataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, na cha 54 chataka watu wenye ulemavu wafikie hatua kwa hatua angalau asilimia tano. Haya si mapambo. Mtoto asiyesikia, au asiyeweza kutembea, akikosa msemaji katika baraza, darasa litajengwa lenye ngazi tatu mlangoni, na hakuna atakayegundua mpaka siku ya kufunguliwa.

Mwandishi wa kurasa hizi aliwahi kuketi katika kamati moja ya chekechea, ambayo haina haja ya kutajwa. Tulikuwa watu wazima tisa wenye heshima zetu: mwenye duka, mkandarasi, mzee wa mtaa, mwalimu mstaafu wa sekondari na wengineo. Tulijenga darasa zuri la mawe. Tukanunua madawati marefu, yaleyale ya darasa la saba, miguu ya watoto ikaning’inia hewani. Tukachimba choo chenye tundu la mtu mzima, na watoto wakakiogopa wakajisaidia nyuma ya ukuta. Mwalimu tulimdai kila mwisho wa muhula atuonyeshe mtihani, lakini mshahara wake ulichelewa miezi mitatu. Katika sisi tisa hakuna aliyekuwa mwizi wala mvivu. Tulikuwa hatujui tu. Mwaka uliofuata aliingia mama mmoja, muuguzi wa zahanati aliyekuwa amesomea malezi ya watoto. Katika mkutano wake wa kwanza hakutoa hotuba. Aliuliza maswali manne: maji ya kunawa yako wapi, tundu la choo lina upana gani, watoto hula saa ngapi, na mwalimu alilipwa lini? Tulitazamana. Siku hiyo nilifahamu maana ya sifa.

Kutokana na habari hizi zote, twapendekeza kwa wanachama mambo ambayo yafaa tuyashike kila tunapoombwa kutoa jina la mjumbe, au kutoa maoni juu ya jina lililotolewa na wengine.

Kwanza, sifa ziandikwe kabla ya majina. Baraza lisikose mtu aliyefunzwa malezi na ufundishaji wa watoto wadogo, mtu anayejua afya na chakula chao, mtu anayejua hesabu za fedha za umma, na mzazi ambaye mtoto wake yumo darasani leo, si miaka thelathini iliyopita.

Pili, cheti kisitazamwe peke yake. Mwalimu aliyelea watoto wa kijiji miaka ishirini ana elimu ambayo karatasi haiandiki yote. Lakini pia umri na mvi, pamoja na heshima zote tunazoziwekea, si cheti. Mzee aweza kuwa nguzo ya ukoo na asifae kiti hiki. Na kumwambia hivyo kwa adabu si kumvunjia heshima.

Tatu, mtu mwenye biashara na baraza asiketi kulihukumu. Anayeuza madawati, anayejenga madarasa, au mwenye chekechea yake ya kulipiwa, aseme wazi tangu mwanzo. Kinyozi hajinyoi.

Nne, anayeteuliwa arudi kutupa habari. Mjumbe asiyerudi kwa waliomtuma ni kama mtu aliyetumwa sokoni na kikapu, naye akakaa hukohuko.

Wazee wetu, ninyi mlipoomba viti zamani hamkuomba kwa ajili ya matako yenu. Mliomba ili mtoto wa Mwafrika asiamuliwe na watu wasiomjua. Madai yale yalikuwa ya haki. Leo wanaoamua ni sisi wenyewe, watu wa nyumbani, na swali lilelile latugeukia: je, twamjua mtoto tunayemwamulia? Tukimtuma barazani jamaa yetu kwa sababu ni zamu ya ukoo wake, au kwa sababu alitupa shilingi wakati wa uchaguzi, tutakuwa tumemfanyia mtoto lilelile tulilolikataa tulipofanyiwa sisi.

Udongo uwahi ungali maji, walisema wahenga. Lakini udongo haujifinyangi. Wahitaji mfinyanzi ajuaye kazi yake. Kazi ya chama hiki, katika mwaka unaoanza, ni kuwatafuta wafinyanzi hao kwa majina yao, kuwasimamisha mbele za watu, na kuwaunga mkono hata kama si wa nyumba zetu.