Nani Aliyekula Watu?

Sisi tukaao Mtendeni, katika mji wa Tabora, twaishi juu ya njia ya zamani. Hapo kale misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika hapa Unyanyembe, kisha ikagawanyika: mingine ikaelekea Ujiji na nchi za ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mingine ikashika njia ya kaskazini hata Karagwe na Buganda. Wasomaji wengi wazijua habari za pembe, nguo, shanga na watumwa waliopita katika njia hiyo. Lakini kulikuwa na mzigo mwingine ambao haukuhitaji mpagazi, nao ni jina baya. Mzigo huo haujatuliwa hata leo.

Tulilikumbuka jambo hili darasani, siku mvulana mmoja alipomwambia mwenziwe, "Kaa mbali nami, ninyi Wamanyema mlikuwa mkila watu." Wanafunzi wakacheka. Tulipomwuliza amejuaje, akajibu kwa methali: "Mwalimu, lisemwalo lipo." Hatukumpiga wala kumkaripia, maana hakuitunga habari ile; aliirithi. Tuliona afadhali kuitafuta asili yake, na hayo tuliyowaeleza wanafunzi ndiyo tunayowaandikia wasomaji.

Kwanza yafaa kujua ya kuwa katika njia hii kila mtu alikuwa mshenzi wa mwingine. Watu wa pwani walimwita mshenzi Mnyamwezi aliyewachukulia pembe begani mpaka Bagamoyo, ingawa bila mabega yake biashara yao isingalikuwako. Naye Mnyamwezi, akiisha kujifunza Kiswahili na kuvaa kanzu, aliporudi kwao aliwaita washenzi wale waliokaa mbali zaidi na njia. Kila aliyelipokea neno lile alitafuta wa kumpa. Basi ushenzi haukuwa na nchi yake. Siku zote ulikuwa katika nchi ya jirani.

Tena tazama habari za Mtemi Mirambo wa Urambo. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji, kwa kuwa aligombana na Waarabu wa Tabora juu ya biashara na hongo. Wakaenda kumpiga, wakashindwa. Na mwezi wa Agosti mwaka ule ule askari wake wakaingia Tabora, wakachoma sehemu ya mji, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, akauawa. Henry Stanley alikuwa upande wa Waarabu katika vita ile, naye alimwandika Mirambo kuwa mnyang'anyi. Lakini mwezi wa Aprili 1876 walikutana uso kwa uso, wakachanjiana damu, wakawa ndugu. Na Stanley akastaajabu kuona mtu mpole, mwenye adabu na sauti ya taratibu. Hatusemi Mirambo alikuwa malaika. Alichoma vijiji, akateka watu, na adui zake walifanya hayo hayo. Katika miaka ile mitano hakugeuka kuwa mtu mwingine. Aliyegeuka ni mtazamaji, aliyehama upande aliosimama.

Vivyo hivyo na rugaruga. Walipompigania Mirambo waliitwa majambazi. Wajerumani walipowaajiri rugaruga wao wenyewe katika vita vya Maji Maji, 1905 hata 1907, waliwahesabu kuwa askari wa msaada.

Sasa twaja kwa Wamanyema. Manyema ni nchi iliyo magharibi ya Ziwa Tanganyika, kuelekea mto Lualaba, penye miji ya Nyangwe na Kasongo. Wenyeji wake hawakuwa kabila moja: walikuwamo Wabangubangu, Wakusu na wengine, kila watu na lugha yao. Wale waliowaendea kwa ajili ya pembe na watumwa ndio waliowakusanya wote chini ya jina moja, na pamoja na jina wakawatia sifa moja, ati wanakula watu. Hatubishani hapa juu ya mila ya kijiji hiki au kile. Twauliza kwa nini sifa hiyo walivikwa wote, hata mtoto mchanga.

Tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone alikuwapo sokoni Nyangwe. Watu wengi walikuwa wamekuja, na wengi wao wanawake, na vyakula na vyungu vyao. Ghafula watu wa wafanya biashara wakaanza kupiga bunduki katikati ya kundi lile. Wachuuzi wakakimbilia mitumbwi, wakajitupa mtoni, wengi wakazama. Wafanya biashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone akarudi Ujiji na moyo uliovunjika, kisha akaja kukaa Kwihara, karibu na mji wetu huu, mpaka Agosti 1872.

Tulimwuliza mvulana yule, "Siku ile, pale sokoni, nani aliyekula watu?" Akanyamaza, na darasa lote likanyamaza.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Ni vigumu mtu kumfunga mwenziwe mnyororo na kulala usingizi, mpaka kwanza amemtoa katika hesabu ya watu. Mla watu hahurumiwi. Kumteka ni kama kumwokoa. Kwa hiyo aliyeuzwa akaitwa mla watu, na aliyemwuza akaitwa mwungwana. Tena baadhi ya waliotekwa walipewa bunduki na mabwana wao, wakatumwa kuteka wengine. Na mabaya waliyoyatenda yakaandikwa juu ya kabila lao, si juu ya bwana aliyewatuma. Watoto wao wakakaa Ujiji, Tabora na miji ya pwani. Mwaka 1922 utumwa ulifutwa kwa sheria katika Tanganyika, lakini jina halikufutwa. Hata hivyo, huko Kariakoo, Dar es Salaam, uko msikiti ujulikanao kuwa Msikiti wa Manyema. Jina lililokuwa tusi limekuwa jina la nyumba ya ibada.

Wala tusidhani kosa hili ni la wafanya biashara wa zamani tu. Katika siku za ukoloni, watu wetu nao walimwogopa mgeni aliyepita usiku, wakamwita mumiani, mnyonya damu, na wasio na hatia wakapata mateso kwa ajili ya neno hilo. Nyani haoni kundule.

Turudi kwa methali ya mvulana. Yeye alitaja nusu yake, lakini iko nusu ya pili: na kama halipo, laja. Nusu hii ndiyo ya kuogopwa. Jirani zetu wa Rwanda waliambiwa miaka mingi, na mwisho kwa redio, ya kuwa Watutsi ni inyenzi, yaani mende. Mende haulizwi kosa lake, hupondwa. Kuanzia Aprili hata Julai 1994 waliuawa watu wapatao 800,000, na mto Kagera ukachukua maiti hata Ziwa Viktoria. Neno lilitangulia, panga likafuata.

Lakini si lazima iwe hivyo. Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbia mauaji kwao, na baadhi yao wakapewa ardhi Ulyankulu, katika mkoa wetu huu wa Tabora. Waliitwa wakimbizi kwa miaka zaidi ya thelathini, na wengi walioitwa hivyo walizaliwa hapa hapa. Kisha serikali ya Tanzania ikakubali kuwapa uraia watu wapatao 162,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na mwaka 2014 vyeti vikatolewa. Kwa karatasi moja mkimbizi akawa mwenyeji. Laiti ulimi nao ungekuwa mwepesi hivyo!

Mvulana yule hakuomba radhi mbele ya watu, wala hatukumlazimisha. Kesho yake tuliona amesogeza daftari lake katikati ya dawati, ili mwenziwe asiye na kitabu apate kusoma pamoja naye. Nasi tulio walimu na wazazi yatupasa kuwazoeza watoto wetu jambo moja. Kila wasikiapo kundi zima la watu likitiwa sifa moja mbaya, wasiseme upesi kwamba lisemwalo lipo. Waulize kwanza: ni nani aliyelisema, naye alipata faida gani kwa kulisema?